Hodi kwanza, salamu baadaye

"Kituo kinachosalimia, subiri. Kwanza alama ya mwito."

Sauti ilitoka Jinja kwa redio, fupi na kavu, kisha mkwaruzo wa radi ukaifunika. Mimi nilikuwa Arua, kiti nimekisogeza hadi ukingoni mwa meza, maiki nimeishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Salamu yangu ilikuwa imefika nusu. Nilikuwa nimesema, "Habari za jioni wazee wangu, habari za nyumbani, poleni na kazi," nikaachia kitufe ili nivute pumzi, ndipo ile sauti ikaingia ikidai alama ya mwito, yaani herufi na namba zinazokitambulisha kituo changu.

Nilikuwa bado sijataja jina, wala nyumbani kwetu, wala mtu aliyenielekeza kwao.

Sikujibu. Nilizima redio nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe ambao ndio umeshika ncha moja ya antena yangu. Daftari linasema ilikuwa saa 2 na dakika 6 usiku, Jumanne. Siku zile niliandika kila kitu.

Ni wiki kadhaa sasa, na jambo hili bado linanikera. Ila kinachonikera leo si kile kilichonikera usiku ule.

## Jumanne tatu za kusikiliza

Mimi ni fundi wa simu, nina kibanda karibu na stendi. Leseni ya redio ya ridhaa, ya watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu, niliipata kwa UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, nikapewa alama inayoanza na 5X kama Waganda wote, nikanunua redio ya mtumba ya wati 100 na betri ya gari. Antena ni waya tu: mita 10 kwenda huku, mita 10 kwenda kule, kwa bendi ya mita 40. Upande mmoja uko mwembeni, upande wa pili uko kwenye nguzo niliyoisimamisha mwenyewe. Hadi hapo sikupata shida. Waya hauna haya.

Aliyenipa taarifa za neti, yaani kikao cha hewani cha kila Jumanne, aliniandikia kwa ufupi: "Jumanne, 1700 UTC." Nikaisoma kama saa 11 jioni. Saa nzima nilikaa nikisikiliza kelele za chaja za sola za majirani. Kumbe watu wa redio duniani kote huhesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa 3. Kwa hiyo 1700 yao ni 20:00 kwenye simu yangu, na kwa Kiswahili ni saa 2 usiku. Dakika moja, majina matatu. Nilikata kipande cha boksi nikayaandika yote matatu, nikakibandika chini ya saa ya ukutani.

Jumanne ya pili nilifika kwa wakati, lakini nikasikia milio kama ya bata. Redio ilikuwa kwenye USB, si ile ya waya wa simu bali namna ya kurusha sauti kwa upande wa juu wa wimbi, na desturi ya chini ya megahezi 10, ambako bendi yangu iko, ni LSB, upande wa chini. Nilipogundua, walikuwa wanaagana.

Ya tatu ndiyo niliyoisikia mwanzo hadi mwisho, na naikumbuka vizuri kuliko filamu yoyote. Msimamizi wa neti, yule wa Jinja, alifungua, akauliza kwanza kama kuna mwenye dharura. Kimya. Akaita wanaotumia betri au walio safarini, kisha vituo vya 5X, vya 5Z vya Kenya, vya 5H vya Tanzania. Mtu anataja alama yake, anarudiwa, anaandikwa. Orodha ilipokamilika, akarudi juu kabisa na kumwita mmoja mmoja aseme alicho nacho. Wengi walisema "sina ujumbe", wakataja hali ya hewa ya kwao, wakatuma 73, namba ya kutakiana heri.

Nilijiambia hii ni rahisi. Wiki iliyofuata ndiyo ile ya salamu.

## Kwetu huanzi na shida yako

Nieleze kilichoniuma, maana asiyeishi kwetu anaweza kudhani nimedeka.

Arua ukienda sokoni huulizi bei ya nyanya kabla hujamsalimia mama mwenye meza. Ukipanda boda, unamsalimia dereva, ndipo unamwambia unakokwenda. Ukifika mbele ya wazee halafu ukaanza kwa kujitaja jina, wanatazamana: huyu ni mtoto wa nani? Kujitanguliza wewe na kuweka salamu nyuma ni tabia ya askari wa kizuizini, au ya mtu anayedai deni.

Na kwenye neti ile walikuwa wazee. Sauti unaijua. Wapo waliokuwa wakiongea hewani kabla sijazaliwa, kwa redio walizozitengeneza wenyewe. Mimi, mgeni wa wiki nne, niingie nikipaza alama yangu tu kama namba ya gari?

Basi nikanuna.

Na katika kununa nikaanza kujenga hoja. Kwamba utaratibu wote huu umekuja na meli: alfabeti ya Alfa na Bravo, ambamo kila herufi ina neno lake, misimbo ya Q, vifupisho vya herufi tatu vilivyozaliwa enzi za telegrafu, 73 ambayo ni salamu iliyokatwa hadi ikabaki namba. Kwamba tunaongea Kiswahili hewani lakini adabu tumeazima. Niliipenda hoja hiyo. Niliwaeleza hata wateja kibandani, ambao walikuwa wamekuja kubadilisha vioo vya simu zao.

Jumanne mbili sikujiandikisha. Lakini redio sikuacha kuiwasha.

## Nilichokisikia nikiwa kimya

Mtu anayesubiri zamu yake hasikii wengine, anasikia moyo wake tu. Jumanne zile mbili sikuwa nasubiri chochote, na ndipo nilipoanza kuisikia neti yenyewe.

Nilisikia jinsi vituo viwili vinavyogongana. Kwenye simu mkisema pamoja, angalau maneno mawili yanapita. Kwenye LSB wakibonyeza wawili kwa mpigo mara nyingi hupati huyu wala yule. Inatoka vurugu ya sauti mbili zilizochanganyika, kisha kimya, na kila mmoja wao anaamini amesikika. Anayebonyeza kitufe ni kiziwi kwa muda wote alioubonyeza. Ndiyo sababu wazee wale wanaacha pengo la sekunde moja au mbili kabla ya kujibu. Nilikuwa nimelihesabu pengo lile kuwa ubaridi. Kumbe ni nafasi ya kupita mwenye neno la haraka.

Kisha akaja mgeni mwingine.

Sauti ya kijana, nzito ya usingizi au ya hofu. Alianza kama nilivyoanza mimi: habari zenu, poleni na mvua, mimi ni mgeni, nimefurahi sana kuwapata. Sekunde 25, nilitazama saa. Na chini ya sauti yake, mbali kabisa, nilisikia herufi. Mtu mwingine alikuwa akiita, dhaifu, kwa betri labda. Nilipata "Mike", yaani M, na kitu kilichofanana na "Oscar", yaani O. Yule kijana hakuweza kumsikia. Msimamizi hakumsikia. Alipomaliza salamu zake, yule wa mbali alikuwa amezama.

"Kituo kinachosalimia, subiri. Kwanza alama ya mwito."

Maneno yale yale. Kijana akanyamaza, kama nilivyonyamaza.

Niliandika kwenye daftari: *Mike, Oscar?* Chini yake nikaandika: *kijana, salamu, hakurudi.* Wiki iliyofuata tena, mwanamke safari hii. Salamu, katazo, kimya.

Wageni watatu kwa mwezi mmoja, nikijihesabu mimi.

Hapo hoja yangu ya meli ikaanza kuvuja. Utaratibu ule haukuwa wa kumdharau mtu. Salamu ya kijana ilikuwa imemfunika mtu ambaye pengine alikuwa anabakiza nguvu ya dakika tano kwenye betri. Lakini pia sikuweza kusema msimamizi amefanya vema, kwa sababu kijana naye alikuwa amezama, na hakuzamishwa na radi.

## Mama mlangoni

Sijui ningekaa katikati pale hadi lini. Jioni moja niko nyumbani, vipokea sauti masikioni, naizungusha bendi. Nikaona kivuli kwenye pazia. Nikavua vipokea sauti.

"Hodi!"

Kimya kidogo.

"Hodi!"

Ni mama wa nyumba ya tatu, simu yake ilikuwa kwangu tangu asubuhi. Nilichelewa kuitika kwa sababu nilikuwa nakunja waya. Alisubiri. Hakusema habari za jioni. Hakusema simu yangu imepona. Alisimama nje ya pazia, akaacha pengo, akaita mara ya tatu, na kama nisingeitika angeondoka zake bila kinyongo, maana ndivyo tulivyofundishwa: mara tatu, kisha urudi ulikotoka.

"Karibu, mama, karibu ndani."

Akaingia, na hapo ndipo salamu zikaanza, na zilikuwa ndefu. Watoto, mvua, mgongo wake, biashara yangu, mgongo wake tena.

Nilikuwa namjibu huku akili imebaki kwenye pazia.

Hakunisalimia akiwa nje. Hakuna anayesalimia akiwa nje. Tangu utotoni najua kwamba salamu ina mahali pake, ndani, baada ya karibu, na kwamba anayeanza kusalimia kabla ya kukaribishwa ameingia nyumba ya watu bila hodi. Mimi hewani nilikuwa nimefanya hivyo hivyo. Nilipita moja kwa moja hadi ukumbini nikawakuta wazee wanahesabiana, nikaanza kuuliza habari za nyumbani.

Kwa hiyo alama ya mwito ni hodi. Pengo ni ile subira ya nje ya pazia. "Endelea" ya msimamizi ni karibu.

Kuna mahali pamoja tu ambapo haviendi sawa, nami nilipafikiria sana. Hodi ya mtaani haina jina. Ukiulizwa nani, unasema "mimi", na mwenye nyumba anakutambua kwa sauti, ingawa wazee wetu hawakulipenda jibu hilo. Hewani sauti peke yake haitoshi kumtambulisha mtu. LSB inakwaruza kila mtu. Sheria za kimataifa za redio zinadai kituo cha ridhaa kitaje alama yake kila baada ya muda mfupi kikiwa hewani, na usiku ule mimi nilirusha mawimbi nikazima bila kusema ni nani. Nilikuwa "mimi" mtupu.

## Mara ya pili

Niliandika karatasi. Sioni aibu kusema, na ninamshauri kila anayeanza aandike: alama yako kwa herufi za kimataifa, jina, mahali, "sina ujumbe". Mistari minne. Mdomo ukikauka macho yanakusomea.

Herufi za kimataifa nilizifanyia mazoezi kibandani. Alama yangu ina L, na sisi huku L na R tunazichanganya tangu shule. "Lima" na "Romeo" hazichanganyiki hata kwenye mvua. Vivyo hivyo B, D na P ambazo kwa mbali ni sauti moja. Niliwahi kudhani Alfa na Bravo ni madoido ya marubani. Mtu aliyekwisha kusikia herufi yake ikiliwa na radi hawezi kufikiri hivyo tena.

Jumanne ikafika. Msimamizi akaita 5X. Nikaacha pengo. Nikabonyeza, nikapumua, kisha nikasema alama yangu mara moja, polepole, nikaachia.

Hakuna.

Aliandika wengine wawili. Akaita tena 5X. Nikarudia. Nikasikia radi, kisha sauti yake: "Kuna mtu chini ya kelele, sijampata." Jinja na ziwa lake hawakosi radi, na usiku ule ilikuwa juu ya paa lake. Arua hadi Jinja, kwa mstari ulionyooka, si kilomita 400.

Ndipo akaingia dada mmoja wa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka kwenye mwembe wangu.

"Rilei."

"Rilei, endelea." Rilei ni kumpelekea mwingine maneno yasiyofika.

Akataja alama yangu. Herufi kwa herufi, Lima ikiwa Lima. "Yuko Arua, nampata tano tano, wazi kabisa. Mgeni. Anajiandikisha."

Mawimbi ya mita 40 hupanda hadi tabaka la ioni, kilomita 200 na zaidi juu yetu, yakarudi chini yanapotaka, na kuna usiku ambapo wa mbali anakusikia na wa karibu hakusikii. Hilo nilikuwa nimelisoma. Kulisoma hakukuniandaa kusikia mtu nisiyemjua akinitamka vizuri mbele ya watu, polepole, kama anayebeba yai.

Msimamizi akaniandika. Duru ya pili ilipofika kwangu radi ilikuwa imesogea, akanipata mwenyewe, "tatu tatu, lakini nakuelewa." Nikasoma mistari yangu minne. Kisha nikaongeza ule wa tano ambao sikuuandika: habari za jioni wazee wangu, habari za nyumbani, poleni na kazi.

Hakuna aliyenikatiza. Wakajibu kwa zamu, kila mmoja, hadi Mombasa.

## Simu ya Jinja

Ningeweza kuishia hapo, lakini yule kijana na yule mwanamke walikuwa bado kwenye daftari.

Niliomba namba ya msimamizi, nikampigia mchana wa Jumamosi. Yule mwenye sauti kavu alinisalimia dakika nne. Aliuliza mvua ya Arua, akauliza kama maembe yameanza, akauliza wazazi. Alipomaliza ndipo nikasema, "Mzee wangu, nina swali, na naomba usilichukue vibaya." Nikamweleza wageni watatu.

Alinyamaza, pengo refu kuliko la hewani.

"Kijana wangu, pale nina orodha, nina kalamu, na nina sikio moja zima. La pili liliharibika zamani. Wakiongea wawili, mimi nimekwisha."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimehesabu ufupi wake kuwa ukali, kumbe alikuwa anapigania kusikia.

"Lakini wageni wanaondoka, mzee."

"Anayeondoka simsikii. Aliyenyamaza hana alama ya kuandika."

Tulizungumza muda mrefu. Alinikumbusha Bududa, mashariki mwa Uganda, Machi 2010, mlima ulipoporomoka na kukifunika kijiji cha Nametsi. Alisema kila Jumanne akisoma orodha anafikiria usiku kama ule, na watu wanaohitaji kuitwa majina mmoja mmoja kwa utulivu bila kugombania njia. Ndiyo maana halegezi. Nami nilikubali kwamba asilegeze. Nilichomwomba ni aseme sheria mwanzoni, kabla mgeni hajaivunja, na aiseme kwa lugha ambayo mgeni anaifahamu tangu akiwa mtoto. Nikamsimulia pazia na mama wa simu.

Alicheka, kisha akawa na shaka. Alisema hewani si barazani kwake, na kwamba maneno yakizidi mwanzoni, walio na betri ndogo wanaumia. Hoja yake ina uzito na sikuipinga. Tukaachana bila kukubaliana.

Jumanne iliyopita saa 2 usiku alifungua kama kawaida. Dharura? Kimya. Kisha, kabla ya kuita walio na betri, akaacha pengo.

"Wageni, hodi yenu ni alama ya mwito. Nikisema karibu, ingieni, tutasalimiana."

Sekunde 6. Nilitazama saa.

Tangu hapo hakusema "endelea" hata mara moja. Kila aliyemwandika alimwambia karibu, na nilisikia wazee wengine wakicheka kidogo pembeni ya maiki zao, halafu nao wakaanza kuitumia kwenye rilei.

Walijiandikisha vituo 16, wawili wapya. Sauti ya yule kijana haikuwamo, wala ya yule mwanamke. Mstari wa *Mike, Oscar?* bado uko kwenye daftari na alama yake ya kuuliza, nimeuachia nafasi ya mistari miwili chini. Nilipoulizwa kama nina ujumbe, nilisema ninao, nikazisoma herufi zile mbili hewani, na saa na tarehe, nikauliza kama kuna aliyewahi kuzisikia.

Dada wa Dar es Salaam akasema atasikiliza upande wake.